Jabali la Barafu Mbele ya Bandari

Jumamosi, 13 Julai

Tumeamka limeshasimama pale. Limelipita kanisa kwa urefu, na hicho ni kichwa tu, mwili wote uko chini, umekaa kwenye mwamba. Sisi wa nyumba za chini tumehamishiwa shuleni. Injini marufuku. Kunong'ona tu, kama desturi yetu ilivyo karibu na barafu kubwa, maana kelele huweza kuliangusha. Jirani yangu Juditha kanianza mimi: "Bibiane, shoga, leo hilo domo lifunge kamba."

Nimenuna. Basi nitapayuka humu.

Mume wangu hajui lolote. Otto yuko baharini kuwinda sili tangu Alhamisi. Redio yake kimya — betri, kama kawaida yake.

Jumapili, 14 Julai

Juditha anasema limekwama, tulale. Alale yeye! Nimelitazama kwa darubini. Mstari uliochorwa na maji jana, leo upande wa kusini uko juu ya maji kupita kimo cha mtu. Limeinama. Maji yanalila chini, uzito unabaki juu, na kitu cha kichwa kizito hakikai majini, kinapinduka. Wimbi lake litafagia nyumba zetu. Na boti yoyote iliyo karibu.

Jumatatu, 15 Julai

Sijala. Kesho mwezi mpevu, maji yatajaa na kulinyanyua. Likielea wima litaenda zake. Likielea hivi lilivyo, sitaki kuandika.

Mzee Gerth alikwenda rasini na kitambaa chekundu amwonye Otto. Ukungu. Amerudi.

Jumanne, 16 Julai

Niko kwenye ngazi za shule. Maji yanapanda. Jabali limeguna mara moja, watu wakashikana.

Boti — ile ya kijani. Otto wangu. Kapita njia ya mkato, chini ya jabali kabisa, kazima injini kwa adabu. Tunapunga makoti aondoke. Naye anapunga, anacheka. Anadhani tunampokea.

Sasa anaopoa vipande vya barafu. Vya chai. Mimi ndiye niliyemwambia asirudi bila hivyo, maji ya bomba yananuka.

Mstari umepanda tena. Siihitaji darubini.

Juditha kanikamata mkono. "Usithubutu." Kisha ametazama jabali, akamtazama Otto, akaniachia.

"Mwite," kaninong'oneza. "Hapa ni wewe tu mwenye sauti ya kumfikia."

Watu wote wananitazama mdomo. Nimesimama, kifua kimejaa hewa, na —