Maharage Matano Meupe

Kasongo, 20 Mei 2024

Mjomba yangu Kasimu,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa kwetu. Tuko wazima, Estelle na watoto wanakusalimu. Na huko Kabambare, mnaendeleaje? Mguu wa Mama Emmanuella umepona? Tulipoagana siku ile baada ya mechi alikuwa anachechemea, na bado alitupikia sombe ya muhogo kama tulikuja kwenye harusi. Mwambie sijasahau.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unaitikia "eeh, eeh" tu, nami najua masikio yako hayajashika hata neno moja.

Mjomba, mkanda wangu wa ubingwa wa ngumi uko juu ya kabati, mahali pake, mwaka wa kumi na nane sasa. Lakini watu wananikosesha raha. Wachimbaji wa Salamabila wanapita hapa sokoni na pikipiki zao wakitangaza kwamba Fabrice wao alinishinda, na kwamba Magloire, yaani mimi, ameokolewa na mjomba yake aliyekuwa mwamuzi. Wanasema uliiba. Wewe! Mtu aliyenitembeza saa nzima kwa miguu, nikiwa na miaka saba, nirudishe jembe la watu nililookota!

Basi nimeamua. Nimempelekea Fabrice ujumbe: turudiane, huko kwao Salamabila, Jumapili tarehe 18 Agosti, mbele ya mama zao wote. Nina miaka arobaini na mitatu, ndiyo, lakini mkono wangu wa kulia haujui kusoma kalenda. Nataka uketi tena kwenye kiti cha mwamuzi. Nikimwangusha, jina langu litasafika, na lako pia. Nitapigana hata nikienda peke yangu.

Mguu wa Mama Emmanuella unaendeleaje? Usisahau kuniambia.

Mpwa wako,
Magloire

*

Kabambare, 2 Juni 2024

Mpwa wangu Magloire,

Roger wa pikipiki amenifikishia barua yako, inanuka petroli lakini inasomeka. Nashukuru kusikia mko wazima. Sisi pia tupo, tunalima, tunakohoa vumbi. Mguu wa Mama Emmanuella unaendelea vizuri. Umeuliza mara mbili katika barua moja, kwa hiyo nakujibu mara mbili: unaendelea vizuri.

Nilicheka hapo, kisha nikaacha kucheka. Asubuhi ile mlipolala kwetu, ulitoka kunawa uso, ukaenda moja kwa moja mpaka kwa jirani, ukaketi kwenye kiti chake ukingoja chai. Watu walidhani unatania. Mimi nilikuja kukuchukua, na uliponiona uliniuliza nimefika lini. Mkono wako wa kushoto ulitetemeka mpaka chai ikamwagika. Tena Estelle alimwambia Mama Emmanuella kwamba muuguzi Célestine, wa hapo kwenye kituo cha afya, amekuonya: ngumi nyingine za kichwani, na utakuja kusahau majina ya watoto wako. Hilo hukuniandikia. Umeniandikia mambo ya kalenda.

Magloire, usiende Salamabila. Mimi siketi kwenye kile kiti tena, na wewe usipande ulingoni tena. Wanaoniita mwizi waache waite, nina miaka sabini na moja, nimeshaitwa mengi. Kaa na mkanda wako. Waambie watu umestaafu, ufundishe vijana. Hakuna atakayekucheka.

Mjomba yako,
Kasimu

*

Kasongo, 15 Juni 2024

Mjomba,

Salamu. Natumaini mko wazima. Sisi ni wazima.

Barua yako imenichoma. "Kaa na mkanda wako." Mbona unaongea kama mtu anayefunika sufuria wageni wakiingia? Kama ulihukumu kwa haki, unaogopa nini kuketi tena?

Kuhesabu kulifanyika mbele ya watu wote, kama kawaida yetu tangu mwaka ule makaratasi ya waamuzi yalipobadilishwa mfukoni. Kila mwamuzi na kopo lake lenye kifuniko. Kila raundi ikiisha anatumbukiza haragwe moja: jekundu kwa wa kona yenye kitambaa chekundu, jeupe kwa wa kona yenye kitambaa cheupe. Mwisho makopo yanamwagwa kwenye ungo, kila mtu anaona. Raundi saba. Papa Abedi alimpa Fabrice, haya, macho yake. Mwalimu Élysée alinipa mimi, nne kwa tatu. Kopo lako likatoa meupe matano na mekundu mawili, na kona nyeupe siku ile ilikuwa yangu. Waamuzi wawili kwa mmoja. Nani ameiba hapo?

Najiandaa vizuri. Kila asubuhi nakimbia mpaka shambani na kurudi. Juzi nilichelewa kidogo kwa sababu ile njia ya shamba wameibadilisha. Estelle anasema hakuna aliyeibadilisha. Huyu mwanamke anapenda kubisha.

Ukikataa kuketi, nitajua na wewe umeniona mzee. Basi sema hivyo, uniandikie wazi. Usinipitishe pembeni.

Mpwa wako,
Magloire

*

Kabambare, 30 Juni 2024

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Nakusalimu wewe, Estelle na watoto. Afya yangu ni nzuri, moyo ndio mgonjwa. Umetaka wazi, pokea wazi. Soma ukiwa umeketi.

Unajua desturi yetu hapa Kabambare: mgeni aliyetoka mbali zaidi anachagua kona kwanza. Siku zote ulipocheza kwenu Kasongo, wewe ulikuwa nyekundu. Miaka kumi na minane mimi nakujua mwekundu. Siku ile kwetu jua lilikuwa kali, ukachagua kona yenye kivuli, na kitambaa cha pale kilikuwa cheupe. Nilikuona ukichagua. Nikasema moyoni, vizuri, atapata kivuli. Kisha kengele ikalia.

Macho yangu yalikuwa kwenu, mkono ulikuwa kwenye mfuko wa maharage, na mkono ulifanya kazi kwa mazoea. Kila ulipochukua raundi wewe, nilitumbukiza jekundu. Mara mbili: ya kwanza na ya pili. Kila raundi aliyochukua Fabrice nilitumbukiza jeupe. Mara tano.

Unaelewa sasa. Mimi sikukupa ushindi. Mimi nilikuhukumu umeshindwa, tano kwa mbili, kwa sababu nilihukumu nilichokiona. Papa Abedi aliona sawa na mimi. Mkono wangu ndio uliokosea rangi.

Nilijua pale tu kopo langu lilipomwagwa. Nikafungua mdomo nisimame niseme. Lakini walikuwa wameshakubeba mabegani, nawe ulikuwa unalia kwa furaha, unaita jina la marehemu mama yako. Nikaketi. Huo ndio wizi wangu. Maharage yalikuwa kosa tu, lakini kuketi kimya ni wizi, na wale wachimbaji wanaponiita mwizi sina la kuwajibu.

Sasa unataka kwenda kuvunjwa kichwa ili kulinda ushindi usiokuwa wako. Siwezi kunyamaza mpaka hapo. Nichukie kama unataka, lakini usiende kupigana.

Mjomba yako,
Kasimu

*

Kabambare, 28 Julai 2024

Magloire,

Salamu kwenu nyote. Wiki nne sasa, hakuna jibu. Roger anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama mlangoni, ukaingia ndani, ukafunga. Safari mbili zilizofuata alikuuliza kama una barua ya kunitumia, ukamwambia huna mjomba. Sawa. Hilo nimelistahili.

Lakini sikiliza. Tarehe 18 Agosti nitakuwa Salamabila. Roger ameshakubali kunibeba. Utakapopanda ulingoni, mimi nitapanda pia, na nitawaambia watu wote rangi nilizokosea. Wakiniuliza kwa nini nilinyamaza miezi mitatu, nitawaambia ni kwa sababu nilimpenda mpwa wangu vibaya. Wakinipiga mawe, watapiga. Baada ya hapo hamtakuwa na kitu cha kupigania.

Nakwambia mapema ili usiseme nimekuvizia.

Mjomba yako, hata kama umenikataa,
Kasimu

*

Kasongo, 22 Septemba 2024

Mjomba yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana, wewe na Mama Emmanuella na wote wa nyumbani. Mko wazima? Sisi ni wazima, namshukuru Mungu. Mkono unaoandika ni wa Estelle, kwa sababu wangu sasa unacheza kwenye karatasi. Maneno ni yangu. Nimemkataza kuongeza kitu, na ameongeza hapa kwamba hajaongeza.

Najua umeshasikia ya Salamabila, habari hukimbia kuliko pikipiki ya Roger. Lakini nataka usikie kutoka kwangu.

Nilikuchukia, Mjomba. Wiki tano nilikuchukia vizuri kabisa. Nilikimbia na chuki yako, nilipiga gunia la mchanga nikilipa jina lako. Nilisema huyu mzee ametunga hadithi ili anizuie. Nikataka kukuumbua. Nikaketi nyuma ya nyumba niandike mechi yote, raundi kwa raundi, nikuonyeshe nilivyoshinda. Raundi ya kwanza nikaandika. Ya pili nikaandika. Ya tatu nikaandika kidogo. Ya nne nikashika kalamu, hakuna. Ya tano, hakuna. Nikarudi nyuma, nikaanza upya kama mtu anayetafuta ufunguo. Baada ya raundi ya tatu ninachokumbuka ni mabega ya watu wakinibeba.

Nilishtuka, Mjomba. Miezi yote ile nilikuwa naapa sokoni juu ya mambo ambayo sikuyajua. Nikamwita Estelle. Yeye alikuwa amekaa mbele kabisa siku ile, na hajawahi kunidanganya, hata pale ningependa anidanganye. Nikamwuliza:

"Mama, raundi ya ine ilikuwa namna gani?"

Akaniambia: "Ya ine ulikuwa unatafuta kamba na mikono, sawa mutu iko anatembea mu giza. Ya tano ulienda kuikala kwa kona ya Fabrice. Wakakurudisha. Minasema Mungu, hii mechi iishe."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha."

Kumbe mlikuwa wawili mlionipenda vibaya.

Sikungoja tarehe 18. Ningengoja, wewe ungekuja kubeba aibu ambayo si yako, na mzigo wangu nataka kuubeba mwenyewe maadam bado najua ni wangu. Jumapili tarehe 11 Roger alitubeba, mimi na Estelle, watu watatu juu ya pikipiki moja, mkanda ndani ya mfuko wa mchele. Sikupita kwako makusudi. Ningekuona ningelia, na nilitaka kufika Salamabila nikiwa bado mgumu.

Wachimbaji walikuwa wengi, pale uwanjani wanapofanyia mazoezi. Waliponiona walianza kupiga miluzi. Nikasimama katikati nikangoja wachoke. Nikasema: "Mumeita mjomba yangu mwizi. Yeye alinihukumu mimi, damu yake, nimeshindwa. Mukono yake ilikosea rangi, lakini macho yake haikukosea. Mwizi ni mimi, nilikamata kitu bila kuuliza." Nikatoa mkanda.

Fabrice alikuja pole pole. Ni mrefu kuliko nilivyokumbuka. Akasema: "Papa, ungeniletea hii ju ya huruma, ningeitupa. Nilitaka tupigane." Nikamwambia: "Tulishapigana. Ulinipiga. Uliza bibi yangu, Estelle." Watu wakacheka, naye akacheka, akaupokea. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto, huu unaotetemeka, akauinua juu pamoja na wake. Hawakupiga miluzi tena. Papa Abedi alikuwepo, alinikumbatia.

Siku hizi nafundisha vijana, asubuhi tatu kwa wiki. Nawafundisha miguu na kukwepa. Ulingoni sipandi tena. Célestine anasema nimefanya vizuri lakini kilichokwisha kuharibika hakitarudi. Nimemwambia asirudie, nimemsikia. Labda nitasahau nimemsikia.

Sasa nikueleze jambo moja, usihuzunike. Wiki ya kwanza tuliporudi, niliamka, nikavaa viatu vya kukimbia, nikatazama juu ya kabati, mkanda haupo. Nikapiga kelele kwamba tumeibiwa. Estelle akanieleza yote tangu mwanzo. Nilimkatalia, nikamwita mwongo, nikamwita Fabrice jambazi, na wewe nilikuita mabaya zaidi. Mchana kumbukumbu ikarudi kidogo kidogo, nikaona aibu. Siku mbili tu, ikatokea tena.

Nikasema hapana. Siwezi kuwa mtu aliyesema ukweli mara moja tu mbele ya watu, kisha nyumbani namtukana mke wangu kwa ajili yake. Nilimwambia Estelle aandike kwenye karatasi kubwa, mimi nitaje maneno. Nikaweka jina langu chini kwa mkono wangu mwenyewe ili nisije nikasema ni maneno ya mtu mwingine. Tumeibandika juu ya beseni ninapoosha uso. Inasema:

"Magloire. Fabrice alikushinda Kabambare. Mkanda ulimpelekea wewe mwenyewe, hakuna aliyekunyang'anya. Mjomba yako ni mtu wa haki. Usipigane tena."

Kuna asubuhi naipita tu, kwa sababu nakumbuka. Kuna asubuhi nyingine, na sasa ni nyingi kidogo, naisoma kama habari mpya, na inaniuma kama ndiyo kwanza nashindwa. Nasimama pale maji yakinidondoka kidevuni. Estelle ananingoja. Anasema anaona uso wangu ukikaza, mabega yanapanda, ngumi zinajifunga. Kisha namwuliza swali lile lile, kama ni kweli, naye anajibu ni kweli. Natazama jina langu pale chini. Halafu najifuta uso, namwambia sawa, nipe chai, vijana wananingoja.

Amekuwa akihesabu, bila kuniambia. Anasema katika asubuhi zote hizo, tangu karatasi ibandikwe, bado haijapita hata moja ambayo nimekataa.

Mpwa wako,
Magloire

(Jina nimeliandika mimi.)