Mkeka Uliojisukia, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Mpaka leo naisema nikiingia uani, kisha nakumbuka hakuna wa kuitikia. Barua hii naiandika hadharani kwa sababu siku ile nilikupinga hadharani, mbele ya kijiji kizima.

Unaukumbuka mkutano ule wa uwanja wa shule, hapa Utende, mambo ya hifadhi ya bahari yalipoanza? Wengine walisema wageni wataleta kazi, wengine wakasema watatufukuza kwenye bahari yetu wenyewe. Nikasimama na kanga yangu mpya, nikasema dunia imekuja mlangoni kwetu, tuuze tulicho nacho, hata mikeka. Na wewe ukasimama, umekasirika. "Tukishaiuza yote, mwanangu, sisi tutalalia nini?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

Sikukosea kila kitu, Mama, na hilo ndilo linalonitesa. Nilipata kazi ya kutandika vitanda hotelini. Mdogo wangu akasoma hadi chuo. Macho yako yalipoanza kufifia, ni kazi hiyo iliyokufikisha kwa daktari Dar es Salaam, ingawa hakuweza kuyaokoa. Kama wageni ni heri au shari, waamue wengine. Najua tu nilichokifanya mimi.

Ulikuwa na mkeka wako, ule uliousuka ukiwa bado unaona vizuri. Miezi mingi ukichambua majani ya ukindu, ukitia rangi, ukisuka tepe za ukili na kuziunga kwa kushona, kama bibi alivyojisukia wake. Uliufunga kwa kanga, ukauweka juu ya kabati. Sote nyumbani tulijua kwamba si wa kulalia. Ni wa kubebewa siku utakayofariki.

Meneja wa hoteli akataka mkeka wa zamani wa kupamba ukuta wa baraza. Nikakubembeleza siku tatu. "Utasuka mwingine," nilikwambia. Ukaushusha mwenyewe, ukaufungua kanga, ukaupapasa pindo lote kwa vidole. "Haya, chukua. Nisije nikakuharibia kazi."

Hukusuka mwingine. Macho yalikuwa yamekwisha, na nilipokwambia maneno yale nilikuwa nalijua hilo.

Siku uliyofariki nilikimbia hotelini kuuomba. Meneja alikuwa amesafiri, na mlinzi akaogopa. "Dada, nitafukuzwa mimi. Msubiri bosi." Mazishi yalikuwa baada ya alasiri. Mjomba akatuma mtu dukani, tukakulaza juu ya mkeka wa plastiki uliotoka ng'ambo, wenye picha za maua, karatasi ya kiwanda bado imegandia pembeni. Niliibandua kwa kucha huku wanawake wananitazama. Afadhali wangenisema.

Bado nafanya kazi pale, kwa sababu watoto wanakula. Mimi mwenyewe sikujifunza kusuka, niliona ni kazi ya kizamani, kwa hiyo na wangu hautakuwepo. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kuufuta vumbi mkeka wako. Wageni wanaupiga picha, wananiuliza ulikuwa wa kufanyia nini.

Nawaambia ni wa kulalia tu.

Kwaheri, Mama. Nisamehe ukiweza. Mimi nimejaribu kujisamehe, nimeshindwa.

Kifungua mimba wako