Gitaa la Ubao wa Kitanda: Kumkumbuka Nikodemu Albano

Mwaka umetimia leo, Nikodemu, tangu asubuhi ile kifua chako kilipogoma, ukatuacha tumekaa kando ya kitanda chenye nusu ya ubao wa kichwani. Waliokuja kutupa pole waliuona ule ubao uliokatwa wakadhani ni shida za nyumbani. Hatukuwaeleza kitu. Leo tunawaeleza, maana ndiyo habari yako yenyewe.

Ulikuwa mtu wa kucheka kwanza, salamu baadaye. Hukupita dukani kwa Abdulsamad bila kumletea Mama karanga, japo ulijua meno yake hayaziwezi, nawe ukakaa kumsagia. Mdogo wako Felicitas alipoingia chuo cha ualimu ulianza kumwamkia "Shikamoo mwalimu" mbele za watu, mpaka akajifunza kupita mlango wa uani. Vidole vyako vya mkono wa kushoto vilikuwa na sugu ngumu kama kisigino, na mwanao Tunu alipenda kuvitafuna meno yalipokuwa yanamwota.

Watu wa Temeke walikufahamu kama mpiga gitaa la besi wa bendi ya shirika la umma. Walikuona jukwaani umevaa shati la kitenge, umefumba macho, wakadhani gitaa lile ni lako. Halikuwa lako. Gitaa, spika, hata mkanda uliopita begani mwako, vyote vilikuwa mali ya shirika, na dansi likiisha vilirudi stoo vikapigwa kufuli. Nawe ulikwenda vilikokwenda: leo Dodoma, kesho Mwanza. Tunu alizaliwa mkiwa Tabora. Uliporudi alikuwa tayari anakaa mwenyewe, na ulipomnyooshea mikono akamng'ang'ania mama yake akalia.

"Analilia mgeni," ulisema, ukacheka. Mkeo Anastasia ndiye aliyeona kwamba siku ile hukula.

Kesho yake ulikwenda kwa Ndugu Audax, kiongozi wa bendi, kumwambia kwamba umechoka na safari. Ulitaka kubaki Dar, upige kwenye harusi za Temeke na Keko, usiku ulale kwako. Jibu lake ulituletea nyumbani ukiliigiza kwa sauti yake ya puani.

"Ndugu Nikodemu, nani kakufunga kamba? Mlango ule pale. Gitaa tu uliache."

"Sasa nitapiga nini, bosi?"

"Piga mluzi."

Tulicheka sana. Lakini miezi ile lori la serikali lilikuwa linapita mitaani kuwakusanya wasio na kazi na kuwapeleka vijijini. Mpiga besi asiye na besi ni mtu aliyekaa tu barazani mchana. Ulisema umesimama kizingitini: ndani hakukaliki, na nje kuna lori.

Ndipo ukaamua kujitengenezea gitaa lako.

Mti wa shingo ulikupa Baba, Mzee Albano, mpingo mnyoofu aliokuwa ameutunza kwa ajili ya kinyago. Mwili ukautafuta chumbani kwako.

"Baba Tunu, huo msumeno wa nini juu ya kitanda?" Anastasia aliuliza.

"Nipe upande wa ukutani tu. Wageni hawatauona."

"Mninga wa shangazi yangu! Zawadi ya harusi!"

"Nitakurudishia. Tena utakuwa na nyuzi."

Akacheka, na wewe ulijua akishacheka umeshinda. Alikushikia ncha ya pili ya ubao huku ukikata. Katikati yake palikuwa na ua kubwa la kuchonga, na msumeno ukalipasua: nusu ikabaki kitandani, nusu ikaenda na gitaa, upande wa mgongo.

Vifaa vyako vilikuwa msumeno huo, patasi za Baba, tupa, msasa na kipande cha chupa cha kukwangulia. Sumaku ulizitoa kwenye spika mbovu, na waya wa shaba, mwembamba kama unywele, kwenye feni iliyoungua. Felicitas ndiye aliyezungusha gurudumu la cherehani cha Anastasia ili waya ujizungushe kwenye sumaku, wewe ukiuongoza kwa vidole viwili, ulimi umeubana kwa meno. Nyuzi zilikuwa zile ambazo bendi ilizitupa kwa kuchakaa. Ukazichemsha kwenye sufuria zipate sauti tena.

"Leo tunakunywa supu ya gitaa?" Mzee Albano aliuliza.

"Ya mifupa, Baba. Subiri ndimu."

Lakini utani huo ulikuwa wa kunong'ona. Chumba kilichopakana na chako alipanga Projestus, mpiga ngoma wa bendi hiyohiyo. Uliogopa kwamba akisikia atamwambia Audax, nawe ufukuzwe kabla gitaa halijakamilika, lori likukute mikono mitupu. Basi kila siku ya mapumziko ulifunga dirisha la mbao, ukaziba chini ya mlango kwa khanga kuukuu, ukajifungia. Ulikata mbao wakati nafaka zinatwangwa uani au gari linapita, kisha ukasimama kusikiliza. Joto la chumba kile tunalijua. Ulitoka humo umelowa, tundu za pua nyeusi kwa vumbi la mpingo. Mama alipokuuliza kuhusu kikohozi, ukasema ni sigara.

"Wewe na sigara wapi na wapi?" Mama alikwambia. Ukambusu kichwani ukarudi ndani.

Ungemaliza mapema kama si ule uzi. Gitaa la shirika halikuruhusiwa kutoka stoo, kwa hiyo ulilipima kwa siri kwa uzi wa cherehani, ukafunga fundo kila penye kile chuma chembamba kinachokatiza shingo, ukautia mfukoni. Stoo uliupima kwa haraka, umelegea. Nyumbani ukauvuta ukakaza. Ulikwisha kupachika vyuma vyote, vilivyotokana na spoku za baiskeli, ndipo ukagundua kwamba kila unavyopanda juu ya shingo sauti inazidi kupotoka. Anastasia anasema ulikaa sakafuni muda mrefu ukiangalia lile gitaa kama mtu anayesikiliza mlango.

Kisha ukang'oa vyuma vyote, ukaziba mifereji kwa gundi na unga wa mninga, ukaanza kuisugua shingo upya mpaka ikawa laini tupu, ili kidole kitafute mahali pake chenyewe. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyokujaza vumbi kifuani. Daktari alikwambia ukae penye hewa. Ulituambia, "Imebaki shingo tu."

Jumamosi moja alasiri, Audax akiwa amesafiri, ulitoka nalo mchana kweupe. Dukani kwa Abdulsamad kulikuwa na redio kubwa yenye tundu la kuunganishia mashine ya santuri nyuma yake, nawe ukauchomeka waya wako humo.

"Ikilipuka, Nikodemu, utanisomea wewe taarifa ya habari," Abdulsamad alisema, akasogeza mtoto wake nyuma.

Haikulipuka. Noti ya kwanza ilitikisa chupa za pipi kwenye rafu. Ya pili iliteleza kutoka kwa ya kwanza bila mkato, kama mtu anayeita jina kwa mbali, na tukaelewa kwamba kosa la uzi limekupa sauti ambayo bendi nzima haikuwa nayo. Tunu aliona vidole vyako akakujia mwenyewe, akitambaa juu ya vumbi. Ukaendelea kupiga, naye ameushika mguu wako.

Ndipo Projestus akatokea nyumbani na fimbo zake mbili za ngoma, akakaa mbele ya kreti la soda, akaingia kwenye mdundo kama vile mmefanya mazoezi. Wimbo ulipokwisha ulimtazama.

"Usimwambie Audax."

"Nimwambie nini tena? Mie nakusikia tangu msumeno wa kwanza, braza. Ukuta wenyewe wa udongo! Ukianza kukata nilikuwaga naenda bombani kupigisha ndoo, nyumba ya pili wasisikie." Akafuta jasho. "Nilidhani utanishtua mwenyewe. Sasa mlikuwa mnajifungia na joto lote hili kwa ajili gani?"

Ulianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakukalisha chini ukutani. Projestus akaziacha fimbo, akakuinua.

Mwezi ule haukuisha, ukatuacha. Hukuwahi kwenda kumwambia Audax kwamba unaondoka.

Ila yeye alikuja. Siku ya pili ya matanga alifika na mtunza stoo wake, akatoa pole vizuri, kisha akakohoa kidogo.

"Shemeji, tumesikia kuna gitaa la besi hapa. Marehemu hakuwa na gitaa. Kama kuna kitu cha shirika, ni vema tukichukue."

Projestus aliinuka, lakini Anastasia alimzuia kwa mkono. Aliingia ndani akalitoa gitaa lako pale lilipolala, akaligeuza mgongo, akaliegemeza kwenye pengo la kitanda. Kisha akaita:

"Ndugu Audax, njoo usimame mlangoni hapa. Angalia tu."

Alisimama akaangalia. Nusu ya ua iliyokuwa kwenye gitaa ilikutana na nusu iliyokuwa kitandani, jani kwa jani. Halafu akavua kofia.

"Hiki si chetu," alisema. Alipokuwa anageuka kuondoka akaongeza, kwa sauti ambayo haikutoka puani, "Wala yeye hakuwa wetu."

Siku hiyohiyo Mzee Albano alichukua patasi yake, akang'oa bawaba za dirisha la chumba chako, akaitoa ile mbao akaiweka uani. Haijarudi mahali pake. Gitaa linaning'inia ukutani penye upepo, na Jumamosi Projestus hukaza nyuzi zake. Tunu sasa anatembea. Akipita hulipiga kofi, kisha husimama kusikiliza.

Unakumbukwa na mkeo Anastasia, mwanao Tunu, baba yako Mzee Albano, mama yako Anjelina, mdogo wako Felicitas, na majirani zako Projestus na Abdulsamad. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii parokiani kwetu Temeke, na baada yake wote mnakaribishwa uani kwetu.

Tutakukumbuka daima, Nikodemu, na dirisha lako litakaa wazi.