Kifuniko cha Kinanda

Rebero, Kicukiro,
Kigali.
14 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Zephaniah,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kwa sauti kubwa, na binti yako Mukunde amegeuka huko jikoni akidhani unamwita. Mimi ni mzima, ila vumbi la kiangazi limeniletea mafua ambayo hayataki kuniacha. Je, mguu wako unaendeleaje? Migomba imepona ule mnyauko? Na yeye bado anakunyima chumvi? Msikilize, hata kama mboga inakuwa na ladha ya maji ya kunawa.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imekuwa ugomvi tangu masikio yako yalipochoka. Juzi nilimwomba Mukunde akueleze mambo yangu ya studio kwa urefu. Baadaye akanijibu, "Nimemwandikia kwenye karatasi kwamba unafanya kazi." Habari za mwezi mzima zikawa hivyo. Barua hii ameibeba Béatha, jirani yangu anayeuza maharage Nyabugogo, maana yeye huvuka mpaka wa Rusumo kufuata mzigo huko kwenu Karagwe. Katika mtaa huu ni yeye peke yake anayejua jina langu.

Sikudanganyi, baba mdogo, huku nina upweke. Watu wa Rebero ni wema na wana adabu. Asubuhi tunasalimiana, kisha kila mtu anafunga geti lake. Nilipokuwa kwako nilizoea mtu kuingia bila hodi, akala, akalalamika chakula hakina viungo, akaondoka. Hapa naweza kula wiki nzima na hakuna wa kulalamika.

Silvère, yule mpiga besi mrefu niliyekuja naye ukamwita mlingoti, amehamia Ubelgiji kwa mkewe. Hatukugombana. Lakini sasa besi naipiga mimi kwa mkono wa kushoto, kinanda kwa mkono wa kulia, na ngoma nazipanga kwenye kompyuta. Bendi nzima ni mimi. Ninapokosea hakuna wa kumkodolea macho.

Ulikuwa ukiniuliza huu muziki wangu wa jazi na fanki kwa nini unatembea kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Bado unatembea hivyo. Ila siku hizi nimekuwa mtu wa kutafuta sauti. Nimerekodi tangi la maji likipigwa kofi. Nimeweka maikrofoni ndani ya beseni la maharage ya Béatha, nikayakoroga kwa mkono, kisha nikaitandaza sauti ile kwenye kibodi, kila kidole kikawa na maharage yake. Béatha aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, halafu akataka kujua kama yale maharage bado yanapikika.

Nyimbo ninazo za kutosha sahani nzima ya santuri. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja uliokwisha, na sababu yake unaijua wewe kuliko mimi. Unakumbuka sheria ya nyumba yako? Mimi nilikuwa nakanyaga pedali za kile kinanda cha kanisa walichokupa wanakwaya wako, wewe umekaa umefumba macho. Wimbo ukiwa umekamilika, ulikuwa unainuka bila neno na kufunga kifuniko. Ukiwa haujakamilika, ulikiacha wazi ukaenda zako kwa ng'ombe. Siku moja nilikifunga mwenyewe, ukarudi ukakifungua. Ukasema, "Mpigaji hafungi." Nimekuwa mtu mzima, nimepiga mahotelini na mbele ya mawaziri, na bado sijui kufunga.

Tangu masikio yako yaondoke, ninarudia wimbo mmoja huo huo, naongeza, napunguza, na nikiinua kichwa hakuna mtu kwenye kiti.

Sasa nikueleze kilichotokea. Mukunde alinidokeza kwamba siku hizi ukipita kwenye mashine ya kusaga unasimama, unaweka kiganja ukutani na kubaki hapo hata watu wakuulize kama unaumwa. Yeye alisema kwa kukuhurumia. Mimi sikulala vizuri kwa furaha. Nikajua kwamba mlango mmoja bado uko wazi.

Nikaanza kutafuta sauti ya mkono. Nilishusha besi ya wimbo ule kwenye kibodi chini, chini tena, hadi pale ambapo sikio linakata tamaa na mbao zinaanza kuongea. Nikalaza spika kifudifudi juu ya meza ya studio, nikaziba masikio yangu kwa pamba, nikaweka kiganja mezani. Mwanzoni ilikuwa fujo tu. Nikapunguza noti, nikaacha nafasi kati yake, na yule mtu mwenye kokoto kiatuni akaanza kutembea ndani ya mkono wangu. Pembeni dirishani niliona wanawake wawili wanacheka na sikuwasikia. Nikaelewa siku zako zilivyo. Nililia, baba mdogo, na sioni haya kukuambia.

Ariane, fundi wa sauti mwenye studio, alinikuta hivyo. Ni dada mpole, ila kwenye kazi hana mchezo. Akanitoa pamba sikioni, akaupiga wimbo kwenye simu yake, akasema, "Shyaka, hii besi iko wapi? Kwa simu haiko kabisa, rwose. Watu watasema studio yangu iko na shida."

Ana haki. Siku hizi watu wote wanasikilizia simu, na kwenye simu wimbo wangu hauna miguu. Anataka niipandishe besi, la sivyo wimbo utolewe kwenye sahani, na jibu analitaka mwisho wa mwezi. Nikipandisha, watausikia wote isipokuwa wewe. Nimemwambia asubiri mpaka nitoke Karagwe kwa mzee wangu. Akaniuliza, "Muzee hasikii. Sasa atakwambia nini?" Nikamjibu kwamba kufunga kifuniko hakuhitaji masikio.

Basi nakuja wiki ijayo. Nitapanda basi Nyabugogo na spika yangu mapajani. Najua viriba vya kupulizia upepo vya kile kinanda vililiwa na panya, lakini sanduku lake ni zima, na mbao zile ni ngumu kuliko meza ya Ariane. Spika nitaiweka ndani yake. Wewe utakaa kwenye kiti chako, utaweka kiganja, utafumba macho kama zamani. Sitakuuliza kitu. Ukienda kwa ng'ombe, nitafungasha spika yangu, nirudi kuanza upya, wala sitanuna. Lakini uje ukae. Hilo tu ndilo ninaloliomba.

Nisalimie Mukunde na wanawe, na mama Mukabalisa jirani, mwambie kikapu chake bado ninacho na ninakitumia kuwekea nyaya. Wasalimie pia wanakwaya waliobaki, hata yule wa sauti ya nne ambaye hakuwahi kuipata. Mungu akulinde mguu na mgongo, akuachie na mikono yako.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukukumbuka kila nikaapo kwenye kinanda,

Shyaka

Nilisahau: mwambie Mukunde atie mafuta bawaba za kifuniko kabla sijafika. Kikibaki wazi, nataka niwe na hakika kwamba si kwa sababu ya kutu.