Vipande vya Ndani ya BABA

6 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha visa vyake. Shangazi hajambo? Mimi sijambo, ila nywele zinaninuka moshi, na nitakueleza kwa nini.

Asubuhi bado niko masjala ya chuo, napokea barua, nazigonga muhuri na kuzigawa. Wiki hii mkuu wa masjala hajanigombeza. Lakini mchana sasa mimi ni mwanafunzi wa ubunifu, kama tulivyokubaliana, na jana niliwasha mashine ya leza kwa mkono wangu mwenyewe. Ni sanduku kubwa lenye kifuniko cha kioo cheusi. Unachora kwenye kompyuta, unalaza karatasi ya manila juu ya wavu wenye matundu kama sega la nyuki, unafunga, kisha mwale mwembamba kuliko uzi unapita ukikata kwa moto. Mwale wenyewe huuoni. Unaona cheche na moshi tu. Mwalimu wa karakana alituonya tusiipe mashine mgongo hata mara moja, maana karatasi ikishika moto humo ndani haimsubiri mtu. Basi nikasimama na ndoo ya mchanga mkononi. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Karani, weka ndoo chini. Umekuja kukata karatasi au kuzima msitu?"

Tuliambiwa tutoboe neno lolote. Nikachagua BABA, kwa herufi kubwa nene. Mashine ilikata vizuri, lakini nilipoinua karatasi, herufi zilidondoka pamoja na vile vipande vidogo vya ndani ya B na A, vilivyotakiwa kubaki. Nikabaki nimeshika mashimo manne yasiyosomeka. Mwalimu akasema, "Kipande cha ndani hakielei hewani, binti. Acha vidaraja vya kukishika." Nikajaribu MIMI. Hakikudondoka kitu. Kumbe katika neno BABA kila herufi ina kitu ndani, na usipokishika kinakwenda.

Nimekufungia humu vipande hivyo sita. Vinanuka moshi. Usivitupe kabla hujacheka.

Mwanao


20 Februari

Kwa Bi Tahadhari wa nyumba hii,

Marahaba, marahaba sana. Sisi huku wazima. Goti lina siku zake, kama mke wa bosi. Shangazi yako anakusalimu.

Barua yako niliisomea kizingitini. Shangazi yako akauliza, "Kaka, unacheka na nani?" Nikamwambia mwanangu kanitoa utumbo, kisha kaniletea kwa posta! Na hiyo MIMI yako isiyodondosha kitu hainishangazi. Watu wa mimi, mimi, mimi, siku zote ndani hawana kitu.

Ila nina lalamiko. Nyuma ya bahasha umeandika "Mtumaji: Karani wa Masjala", na anwani ya chuo. Nilishtuka, nikadhani nimeshtakiwa. Jina lako limefanya kosa gani? Mimi nimekuwa tarishi tangu nina nywele nyeusi, nimebeba barua mpaka bega moja likawa chini ya jingine, kwa hiyo nisikilize. Barua isiyo na mwenyewe hatuitupi. Tunaigeuza, tunasoma mgongo, tunairudisha ilikotoka. Mgongo wa bahasha si mahali pa kujificha.

Vipande vyako nimevirudisha kwenye bahasha yake, na bahasha iko mfuko wa shati. Nikichoka nakitoa kimoja nakipapasa. Kingo zake zimeungua kidogo, kama mkate.

Mama yako anakusalimu. Yuko jikoni, anasema ule vizuri.

Baba yako


5 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi pia mzima, na ninakula.

Kuhusu jina, usinicheke. Mkuu wa masjala alisema sanduku la posta la chuo si la barua za nyumbani. Niko kwenye miezi ya majaribio, na neno moja baya kwenye faili langu linatosha kunirudisha nyumbani. Nikiandika cheo, bahasha inaonekana ya kazi. Majibu yako nayachukua mimi mwenyewe sandukuni asubuhi, kabla hajafika. Nikithibitishwa kazini nitaandika jina langu, tena kwa wino mwekundu.

Sasa tunajifunza kukunja. Mashine inakwaruza karatasi bila kuitoboa, nawe unafuata mkwaruzo kwa kidole, na kitu kilicholala bapa kinainuka kuwa ngazi au dirisha. Vidaraja ndivyo bado vinanishinda. Moto una sehemu yake unayoila pande zote mbili za mstari. Nikivifanya vyembamba, unavimaliza. Nikivifanya vinene, neno linakuwa kama limefungwa kamba.

Baba, mstari wa mwisho wa barua yako nimeusoma mara nyingi. Mama tulimzika mimi na wewe tumeshikana mikono, mvua ikinyesha, na viatu vyangu vya shule vikabaki kwenye tope ukanibeba. Najua kalamu huteleza. Labda ulikuwa umetoka kumuota. Niandikie tu kwamba ulimuota.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Goti linaendelea. Sisi wazima.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kazini barua zimekuwa nyingi na mitaa wameihamisha. Nyumba ya fundi saa haipo pale ilipokuwa. Nimezunguka nayo barua yake mpaka miguu ikakataa, na hakuna aliyenitaka radhi.

Shule inaendaje? Ukimaliza nitakutafutia kazi ya ukarani. Ni kazi safi, ya kivulini, haina mbwa. Usiogope. Wewe unaogopa mno.

Baba

Mwanangu, mimi shangazi yako naongeza hapa chini kabla sijafunga bahasha. Baba yako alitoka na mkoba wake wa zamani, ndani kajaza magazeti, akawa anayagawa mlango kwa mlango. Fundi baiskeli ndiye aliyemrudisha. Tumekwenda kwa daktari. Amesema ni ugonjwa wa kusahau, na utaendelea mbele tu. Hata humu ndani anapotea. Juzi alifungua kabati la nguo akidhani ni choo, nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Wewe bado anakutaja. Ukiweza kuja, njoo angali anakutaja.


30 Aprili

Mpendwa Baba, na Shangazi utakayemsomea,

Shikamooni. Nawaombea afya. Mimi sijambo.

Baba, nimekukatia kitu. Ni vibao vya kubandika milangoni, herufi zimetobolewa kwenye manila nyeupe, na nyuma nimegandisha karatasi nyekundu ili usome hata bila miwani. Hiki ni cha JIKO. Hiki cha CHOO, kina O mbili na zote mbili zilinitoa jasho. Kikubwa kuliko vyote ni cha mlango wako, kimeandikwa BABA. Safari hii hakikudondoka kitu. Utaona vidaraja vyembamba vinavyoshika vipande vya ndani. Mwalimu alikiinua kwenye mwanga akakitazama muda mrefu, kisha akaniuliza ni cha nani. Nikajifanya nafagia vipande.

Shangazi, nataka kuja. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa mkuu wa masjala, maneno nimeyapanga tangu chumbani kwangu. Akainua macho. Nikamuuliza kama anataka chai. Nilirudi tena siku nyingine, nikampelekea chai nyingine. Mtu wa majaribio akiomba ruhusa ndefu, wanasema, anajiombea kuondoka, na nikiondolewa kazini chuo pia basi, maana nasoma kwa sababu ni mfanyakazi wao. Naambiwa nitathibitishwa mwishoni mwa Juni. Mwezi wa saba nitakuwa nyumbani.

Baba, nisubiri. Tafadhali nisubiri palepale ulipo.

Mwanao


11 Juni

Kwa Karani wa Masjala,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima pamoja na ofisi yako yote. Samahani kwa kukusumbua, najua kazi za ofisi haziishi. Mimi ni tarishi mstaafu, na nakuandikia kwa jambo dogo.

Katika mfuko wa shati langu nimekuta bahasha, na ndani yake vipande vidogo vya karatasi vilivyoungua kingo. Sikuweza kujua ni vya nini. Nimegeuza bahasha, nikasoma anwani yako mgongoni, kwa hiyo navirudisha kwako kama utaratibu unavyotaka.

Hapa nyumbani kuna mama mmoja mwema anayenipikia. Yeye anasema vipande hivi ni vya binti yangu. Ni kweli, nina binti. Sura yake hainijii vizuri, lakini mambo yake nayajua. Ni mwoga. Alipokuwa mdogo alikuwa hashuki kitandani mpaka aguse sakafu kwa kidole kimoja cha mguu, aone kama bado ipo. Tulimwita Bi Tahadhari. Nadhani yuko hapo kwenu anajifunza kukata karatasi kwa moto, ingawa sijui ni nani aliyemruhusu achezee moto.

Ukimwona, tafadhali usimkaripie. Akikaripiwa hukosea zaidi. Mpe vipande vyake, huenda anavitafuta. Kimoja nimebaki nacho kwa sababu mkono umekizoea. Aniwie radhi.

Mwambie pia mlango wa chumba ninacholala una neno BABA, jekundu, limekatwa vizuri sana. Nalisoma kila asubuhi, ndipo najua kuna mtu ananiita hivyo.

Wako katika kazi,
Tarishi mstaafu


18 Juni

Mzee wangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na goti halikusumbui.

Barua yako imefika salama, haikulowa wala kukunjika. Niliipokea mimi mwenyewe. Niliigonga muhuri kwa mazoea, kisha nikakaa chini.

Binti yako namfahamu. Hajambo. Woga bado anao, na sakafu bado anaigusa kwa kidole asubuhi. Vipande vitano nimempa. Kile cha sita anasema ni chako, kaa nacho.

Hapa hakuna anayemkaripia. Siku ileile ilipofika barua yako, aliingia kwa mkuu wa masjala bila hodi, bila chai, akaiweka mezani. Mkuu aliisoma yote, akavua miwani. Akasema, "Muda wote huu una mzazi mgonjwa, nawe unaniletea chai? Si ungesema tu!" Akamwandikia ruhusa papo hapo. Halikuwa jambo kubwa, Mzee. Lilikuwa jambo la kusema tu, na lingesemeka tangu Aprili.

Yule mama anayekupikia ni dada yako. Ukimwona amekwenda nyuma ya nyumba, mfuate, umshike mkono.

Nami nina ombi. Jumatatu nasafiri kuja huko kwenu, na barua hii itanitangulia. Nitabisha hodi na kusema natoka masjala. Ukinikaribisha, nitakaa. Ningependa unisimulie habari za binti yako, zote, hata zile utakazozirudia. Nimeambiwa alipoteza viatu vyake kwenye tope siku moja, akabebwa. Kama unaikumbuka hiyo, ningependa kuisikia kwako. Kama huikumbuki, nitakusimulia mimi.

Nyuma ya bahasha hii nimeandika jina la mtumaji, kamili, kwa wino mwekundu. Ukiigeuza ukalisoma na usimjue mwenyewe, usiirudishe, Mzee. Mwenyewe yuko njiani.

Karani