Mpagazi wa Baharini

Jumapili, Gongoni

Bado nacheka peke yangu. Leo Mwajuma, jirani yangu Mzaramo, kanikuta naongea na mwanangu Maganga, simu nimeiweka spika. Yeye ni fundi wa magari ya jeshi, na sasa kapangiwa ile meli mpya ya wanamaji. Anasema tumboni inabeba askari, vifaru na maboti, mgongoni helikopta. Ikifika karibu na ufuko inafungua mlango, mzigo wote unashuka nchi kavu hata pasipo na bandari.

Mwajuma akadakia, "Mnyamwezi na bahari wapi na wapi? Huyo atazama kwenye ndoo!"

Mtani hanuniwi, lakini hilo lilinichoma. Maganga kuogelea hajui vizuri, na mimi usingizi sipati; Mwajuma mwenyewe nilishamweleza hofu hiyo.

Nikamjibu, "Kupeleka mizigo pwani tumeanza leo? Babu zetu waliibeba mabegani kwenye misafara. Hiyo meli ni mpagazi tu. Lazima Mnyamwezi awepo!"

Akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Kisha akanipokonya simu. "Maganga mwanangu, ukipata likizo nenda Kigamboni kwa kaka yangu, akufundishe kuogelea. Nimeshamwambia tangu juzi."

Tangu juzi! Na bado akaona anitukane kwanza.