Maji ya Chini ya Mchanga

Mjukuu wangu Agnesi,

Hapa Kansay hatujambo. Babu yako bado anagombana na mbuzi, na mbuzi ndio wanaoshinda.

Unaniuliza kwa nini namsifu sana diwani wetu, wakati mchanga ni mchanga tu. Umesahau kwamba kiangazi tunafukua mchanga wa korongoni ndipo tunapata maji! Malori yalipoanza kuuzoa, mama huyo alisimama njiani akayazuia. Lori la kwanza lilikuwa la kaka yake mwenyewe. Tukasogea wote, tuone atafanyaje.

Hakumfokea. Alimpa kopo, akasema, "Kaka, nichotee maji ya kunywa hapo ulipozoa."

Kaka mtu akafukua mpaka kopo likagonga mwamba mkavu. Diwani akasogea pembeni, mahali mchanga ulipobaki, akafukua kwa mikono. Maji yakajaa taratibu. Akamnywesha kaka yake kwanza.

Yule bwana aliumwaga mchanga wote palepale, akaondoka na lori tupu.

Wenye malori wengine bado wanamtukana, naye bado anashinda korongoni. Mimi nakuandikia huku nakunywa chai ya maji yale. Likizo njoo, na uje na kiu.

Bibi yako